Maji Yaliyomo Ndani ya Asali

Mrina asali wa Inyonga anapofungua mzinga, macho yake hutafuta vifuniko. Sega ambalo nyuki wamelifunika kwa utando mwembamba wa nta limeiva. Lile ambalo vijumba vyake bado viko wazi, asali ikimetameta na kuchuruzika, fundi wa kweli huwarudishia nyuki wake hata kama limejaa pomoni. Kwa uamuzi huo mmoja amekwisha kujibu swali ambalo mwanafunzi wa sekondari mjini Mpanda analisumbukia daftarini: ndani ya mmumunyo huu, maji ni kiasi gani?

Inyonga ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi, katika nchi ya Wakonongo na misitu yao ya miombo. Kutundika mizinga ni kazi ya siku nyingi huko. Mizengo Pinda, mwana wa mkoa huo aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, aliupigia debe ufugaji nyuki nchi nzima. Sifa za asali ya miombo husemwa sana, na zinastahili. Linalosemwa kwa nadra ni kwamba ufundi wa kuitayarisha ni kemia tupu, na kwamba kiini cha kemia hiyo ni maji.

Nyuki ndio huanza. Mbochi wanaoukusanya mauani ni mmumunyo mwepesi wa sukari, na mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Wanautandaza vijumbani na kuupepea kwa mabawa, mzinga ukiwa na joto la nyuzi 35 hivi, mpaka maji yanapaa na kubaki chini ya asilimia 20. Hayo ni mabadiliko ya kiumbo. Wakati huohuo vimeng'enya vya nyuki vinaivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na hayo sasa ni mabadiliko ya kikemikali. Mtahini anapomtaka mtoto atofautishe aina hizo mbili za mabadiliko, mfano mzuri kuliko huo si rahisi kupatikana: yote mawili yanatendeka pamoja, ndani ya kijumba kisichozidi upana wa punje ya mahindi.

Kiwango hicho cha asilimia 20 kina sababu. Ndicho kilichomo pia katika kanuni za kimataifa za chakula, Codex, kama kikomo cha maji katika asali nyingi zinazouzwa. Katika kila asali mbichi mna hamira za asili. Maji yakiwa machache, sukari huyashikilia hata hamira zisipate ya kuzistawisha. Yakizidi, zinaamka: povu linapanda, hewa ya ukaa inatoka, harufu ya kileo inajitokeza, na ndoo nzima imechacha. Mpishi wa wanzuki, pombe ya asali, anaijua siri hiyohiyo na kuitumia kwa makusudi, kwa kuongeza maji ili asali ichache. Asali ya nyuki wadogo wasiouma huwa na maji mengi zaidi kwa asili yake, na ni kali kidogo ulimini. Ndiyo maana haifai kumiminwa katika chombo kimoja na ya nyuki wakubwa.

Tena asali huyavuta maji kutoka hewani. Mvua za Katavi hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na ndoo iliyoachwa wazi msimu huo hunywa unyevu kimyakimya. Kwa hiyo fundi hukausha vyombo mpaka tone la mwisho, na kifuniko hakikai mbali na ndoo.

Kisha inakuja kazi ya kutenganisha, na hapa ndipo mikono inapoonekana. Asali iliyotoka porini ni mchanganyiko wa vitu vingi: vipande vya nta, chavua, mabawa, chembe za majivu ya moshi. Masega hukatwakatwa na kuachwa yachuje yenyewe juu ya kitambaa safi, bila kukamuliwa kwa pupa, kwa sababu kukamua hupitisha uchafu mwingi. Asali iliyochujwa hutuama siku mbili tatu. Nta ndogondogo na mapovu huelea, huenguliwa kwa kijiko, na asali safi hutolewa kwa bomba la chini ya pipa. Moto hautumiki kuharakisha. Joto kali huibadilisha rangi, huharibu vimeng'enya na kuongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo wanunuzi wa nje huipima. Codex inaruhusu miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto, na 40 kwa nyingine.

Masega yaliyobaki yana mali pia. Huchemshwa katika maji, nta ikayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ikachujwa kwa gunia na kuachwa ipoe. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo, huganda juu kama sahani ya manjano, uchafu ukishikamana chini yake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mpanda wanaitegemea sheria hiyohiyo kwa upande wake wa pili: dhahabu ni nzito mara saba hivi kuliko mwamba mweupe inamopatikana, basi wanapoosha mchanga wao, yenyewe ndiyo inayobaki chini.

Asali ikiganda kwenye chupa, wanunuzi wengi hushuku kuwa imetiwa sukari. Dhana hiyo imewaumiza wafugaji wengi bila haki. Asali ni mmumunyo uliobeba sukari kupita kiasi cha kushiba, na glukosi, isiyomumunyika kwa wingi kama fruktosi, hujitenga na kuwa chenga. Chupa ikiwekwa katika maji ya vuguvugu, chenga zinamumunyika tena na asali inarudi ilivyokuwa. Hakuna kilichoongezwa wala kupungua.

Mwalimu wa kemia wa Katavi asiyekuwa na maabara ya kutosha angefanya vyema kuleta darasani sega moja, kitambaa, sufuria na jiko. Kuchuja, kutuamisha, kuvukiza, kuyeyusha, kugandisha: mada nzima ya utenganishaji itapita mbele ya macho ya wanafunzi, nao wataikumbuka kwenye chumba cha mtihani.

Mizani ingeongezwa pia, kwa ajili ya hesabu ya uzito na ujazo. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo 1.42 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 hufika kilo 28 na gramu 400. Mjanja akitoa lita mbili za asali na kujaza maji mahali pake, ndoo itaonekana imejaa vilevile, lakini mizani itasoma kilo 27 na gramu 560 tu. Mkulima anayeuza kwa ndoo na mnunuzi anayeiuza tena kwa kilo wanajua tofauti hiyo ina thamani gani. Swali linalofaa kuwekwa ubaoni ni lita ngapi za maji zimeingia, iwapo ndoo hiyo ya lita 20 imepimwa ikapatikana na kilo 26 na gramu 300.