Binti Aliyepewa Nguvu na Bei Yake: Kuzisoma Hadithi za Vijana Wetu kwa Macho ya Injili

Wazazi wa hapa Buzuruga wamekuwa wakituuliza swali moja kwa namna nyingi: hizi katuni za Kijapani ambazo vijana wanazitazama kwenye simu, zenye wasichana wanaoruka angani na kupigana na wachawi, ni za Mungu au za shetani? Wengine hawangoji jibu, wameshazifuta. Tunaona kwamba swali hilo linakuja mapema mno. Hadithi, kama mtu, husikilizwa mpaka mwisho kabla ya kuhukumiwa. Katika makala haya tutaisikiliza moja iliyo nzito kuliko nyingi za aina yake, tutaiweka karibu na hadithi za kwetu, kisha tutaipima kwa Injili. Nayo, kama tutakavyoona, itatupima na sisi.

Mazoea ya hadithi hizi

Wajapani wamekuwa wakitunga hadithi za mabinti wenye nguvu za ajabu kwa zaidi ya miaka 50. Katuni ya Sally, binti mchawi mwema, ilionyeshwa kwenye televisheni yao kuanzia 1966. Sailor Moon, kazi ya mama Naoko Takeuchi, ilianza kuchapwa 1991 na kuingia kwenye televisheni 1992, ikasambaa dunia nzima. Anayefuatilia hadithi hizi hujua mazoea yake. Yupo msichana wa shule wa kawaida, hodari wa kuchelewa na dhaifu wa hesabu. Anakuja mnyama mdogo anayesema. Msichana anapewa kito au pambo, mavazi yake yanabadilika, anapigana na uovu, na jioni anarudi nyumbani kula na wazazi wake. Nguvu ni zawadi. Hakuna anayeuliza nani ameilipia.

Mwaka 2011 ikatoka katuni ya vipindi 12 iitwayo Puella Magi Madoka Magica, iliyoandikwa na Gen Urobuchi na kuongozwa na Akiyuki Shinbo. Watunzi hawa hawakutupa zoea hata moja. Walichukua kila zoea na kuliuliza bei yake. Mnyama mdogo yupo, anaitwa Kyubey, mweupe na mwenye sauti ya upole. Humwendea msichana na kumwambia kwamba atampa ombi moja, lolote atakalo. Naye msichana, akishapewa, atapigana na wachawi maisha yake yote. Huo ndio mkataba.

Baadaye mabinti wanagundua yaliyofichwa. Roho zao zimetolewa mwilini na kutiwa ndani ya kito wanachokibeba. Kila wanapokata tamaa kito kinaingia giza, na kikijaa giza binti mwenyewe anageuka kuwa mchawi. Kumbe wale wachawi waliokuwa wakiwaua walikuwa wasichana kama wao. Kyubey akiulizwa kwa nini hakusema, anajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Hakusema uongo. Nyoka wa Mwanzo 3 naye alianza kwa swali lililofanana na ukweli.

Kila binti ana ombi lake. Mami, aliyekuwa anakufa katika ajali ya gari, aliomba kuishi. Sayaka aliomba mkono wa kijana mpiga fidla upone. Mkono ukapona, na kijana akampenda msichana mwingine. Anayetugusa zaidi sisi wachungaji ni Kyoko. Baba yake alikuwa mhubiri. Alihubiri mambo ambayo kanisa lake halikuyakubali, akafukuzwa, waumini wakamwacha, watoto wakashinda njaa. Kyoko akaomba watu wamsikilize baba yake. Siku iliyofuata watu wakajaa. Baba alipojua siri hiyo hakumshukuru mtoto aliyejiuza kwa ajili yake, bali alimwita mchawi. Akazama katika ulevi, na mwisho akaua familia yake na kujiua, akamwacha Kyoko peke yake.

Hadithi za kwetu

Asidhani mtu kwamba haya ni mageni kwetu. Wengi wetu tulisoma shuleni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Mle yumo Huria, binti wa majini, ambaye Adili anamwokoa. Huria analipa wema kwa wema: anamwokoa Adili baada ya nduguze kumtosa baharini, kisha anawageuza nduguze hao kuwa manyani. Lakini ukarimu wa Huria una ukali wake. Anamwamuru Adili awapige nduguze kila usiku, naye anawapiga huku akilia. Haki imetendeka, na nyumba imejaa machozi. Anayetumia fimbo anaumia pamoja na anayepigwa, na hana uwezo wa kuacha, mpaka mfalme Rai aingilie kati. Shaaban Robert, Mwislamu mcha Mungu, alijua kwamba sheria inaweza kuadhibu uovu, lakini haiwezi kuwarudisha ndugu mezani.

Karibu zaidi na sisi ipo hadithi ya Wasukuma ambayo bibi zetu waliisimulia jioni. Jitu Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza watu wako wapi, akaenda kulitafuta jitu. Kila alichokiua alimletea mama yake akiuliza kama ndiye, kuanzia panzi. Na mama akasema siye. Mwishowe akaliua jitu lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Wakatoliki wa Bujora, pale Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma, na watheolojia wengine wamekwisha kuitumia hadithi hii kama picha ya Kristo anayeishinda mauti.

Ila wahubiri wengi huishia kwenye shangwe, na kuacha sehemu ambayo bibi hawakuiacha. Wakati wa kulipasua jitu, kisu kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote wanashangilia, yeye anavuja damu na kumlaani mwokozi wake. Masala Kulangwa angeweza kumwambia anyamaze, ashukuru kwamba yu hai. Angeweza kumwita mchawi, na umati ungemwunga mkono. Badala yake akatafuta dawa, akalitibu sikio. Mtunzi wa Kijapani na bibi wa Kisukuma wanakubaliana kwamba kila ushindi una mtu aliyekatwa sikio. Wanatofautiana katika linalofuata. Kule Japani, binti aliyeumizwa anageuka mchawi na wenzake wanatumwa kumwua. Kwa Wasukuma, shujaa anasimama kumtibu. Nasi tunakumbuka Luka 22: katika usiku wa kukamatwa kwake Bwana wetu alimponya sikio mtumwa wa kuhani mkuu, mtu aliyekuja pamoja na waliomkamata.

Mkataba na neema

Katika kipindi cha mwisho Madoka, binti aliyesitasita muda wote, anatoa ombi lake. Anaomba wachawi wote wafutwe kabla hawajazaliwa, katika nyakati zote, zilizopita na zijazo. Anapokea giza la kila binti juu yake mwenyewe. Kwa kufanya hivyo anakoma kuwa mtu. Hana mwili wala mahali, na karibu kila mtu anamsahau, hata mama yake mzazi. Kijana wa kipaimara akitazama hapo na kusema, "Huyu anafanana na Yesu," hatumkemei. Ameona vizuri. Wagalatia 3:13 inazungumza juu ya yeye aliyefanyika laana kwa ajili yetu.

Lakini tumsaidie aone zaidi, maana hadithi hii, pamoja na uzuri wake, inaishia nusu ya njia. Kwanza, mkataba wenyewe haufutwi. Kyubey bado yupo na bado anaandikisha mabinti. Kilichobadilika ni kwamba wanakufa bila kugeuka wachawi. Madoka amelipa deni la kila mmoja, na duka la mkopeshaji liko wazi. Kolosai 2:14 inasema jambo kubwa kuliko hilo: hati yenyewe iliyotushitaki imeondolewa na kugongomelewa msalabani. Pili, Madoka anatoweka. Kristo alifufuka akiwa na alama za misumari, akamwita Mariamu kwa jina, akala samaki na wanafunzi wake kando ya ziwa. Wokovu unaomfuta mwokozi haukuwatosha hata watunzi wenyewe: mwaka 2013 walitoa filamu ambamo rafiki yake, Homura, anamrudisha kwa nguvu, na upendo wake unageuka kuwa kifungo. Walihisi kwamba pamepungua kitu. Kilichopungua ni ufufuo.

Sisi Walutheri tungepaswa kuielewa mikataba hii kuliko wote. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alipinga biashara ya vyeti vya msamaha, ambavyo mtu maskini alivinunua akiamini ananunua usalama wa roho yake. Na leo, ukitembea kutoka stendi ya Buzuruga kuelekea Igoma, unaweza kusikia vipaza sauti vinavyotangaza ombi moja kwa sadaka moja: panda mbegu upate ndoa, nunua mafuta upate kazi. Katuni hii ni onyo kali juu ya dini ya namna hiyo, kali kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia. Mzazi anayeifuta kwenye simu ya binti yake na Jumapili akanunua mafuta ya upako amemfukuza Kyubey mlangoni na kumkaribisha dirishani.

Binti anapoitwa mchawi

Yapo maneno ya Kyubey ambayo hatuwezi kuyapita. Anasema kwamba kwa kuwa mwanamke ambaye hajakomaa huitwa msichana, basi ni sawa wale watakaokuwa wachawi baadaye waitwe wasichana wenye nguvu za ajabu. Kwa hesabu yake, kukua kwa mwanamke ni kuelekea uchawi. Sisi wa kanda hii tunaijua hesabu hiyo. Ni Usukumani humu ambamo vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe walipokuwa wakitupikia. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sheria zinasaidia. Haziondoi zoea la kumtafuta mwanamke wa kubeba lawama.

Zoea hilo haliko porini tu. Tuangalie mabinti wetu. Hakuna mnyama mweupe anayewajia, lakini mikataba ipo: lifti ya bodaboda kwa binti anayetembea mbali kwenda shule, chipsi, simu, na huko mialoni samaki wa kuuza kwa sharti lisilosemwa mpaka baadaye. Kila mmoja anapewa ombi moja na mtu mwenye sauti ya upole, ambaye baadaye atasema, "Hukuniuliza." Binti akipata mimba, yule mwenye sauti ya upole hajulikani aliko. Tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi darasani. Lakini katika sharika nyingi bado anatengwa na meza ya Bwana, kisha anasimama mbele ya watu wote kurudishwa kundini, peke yake, huku kijana aliyempa mimba pengine anaimba kwaya safu ya nyuma.

Hatusemi kwamba dhambi si dhambi, wala kwamba nidhamu ya kanisa haina nafasi. Tunasema kwamba nidhamu inayomshika mmoja kati ya wawili, na kila mara yuleyule, haitoki katika Injili. Inafanana na baba yake Kyoko, mhubiri aliyesimama mbele ya mtoto aliyejeruhiwa akaona mchawi. Katuni ilitungwa na watu wa mbali, bila nia ya kutuhubiria, lakini imemchora mhubiri ambaye kanisa linapaswa kumwogopa kuliko inavyowaogopa wachawi wa kwenye simu.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, jibu letu ni hili. Msifute kabla hamjaketi. Tazameni pamoja na mabinti na wavulana wenu, mkijali umri, maana hadithi hii ina vifo na si ya watoto wadogo. Waulizeni: Kyubey alificha nini? Nani mwingine anayetoa mikataba ya namna hiyo hapa kwetu? Kwa nini katika hadithi nzima mabinti hawana mtu mzima wa kumwambia? Swali hilo la mwisho msilipite haraka, na mwe tayari kusikia majibu yatakayowataja ninyi.

Na kwenu, ndugu wazee wa kanisa: shauri la binti litakapoletwa tena mbele ya baraza, liulizwe kwanza swali la sikio. Nani amekatwa hapa, na ni nani miongoni mwetu atakwenda kutafuta dawa? Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya kurudishwa kundini, kwake na kwa yule aliyekuwa naye.