Ustadi wa Kuchora Ukungu wa Mto

Asubuhi ya ukungu, Rusumo haionyeshi mto upesi. Hapa Ngara inapopakana na Rwanda, Ruvubu kutoka Burundi umekwisha kuungana na Kagera juu kidogo ya maporomoko, na bonde hujaa weupe. Matete hupoteza kingo, kilima cha ng'ambo hukaribia kuwa anga. Jua likipanda kidogo tu, yote hayo hutoweka.

Saa kama hiyo ndiyo Mfaransa Claude Monet aliyoichora mwaka 1896 na 1897. Alichagua tawi la mto Seine karibu na Giverny, jirani na pale mto Epte unapoingia. Aliamka saa tisa na nusu usiku, akaingia katika mashua yake na kusubiri kupambazuke. Alikuwa na kanvasi 14 alizozishughulikia kwa zamu. Nuru ikibadilika, hakuilazimisha picha ifuate jua. Aliiweka kando, akachukua nyingine inayolingana na nuru mpya. Ile ya kwanza ikangoja asubuhi nyingine.

Matunda ya subira hiyo yanaonekana katika michoro yenyewe, ambayo mmojawapo uko Metropolitan Museum of Art, New York. Kivuli si cheusi. Ni buluu, zambarau na kijani kilichofifia. Miti ya mbali ni hafifu kuliko ya karibu, kwa sababu kati yake na jicho kuna hewa nyingi yenye unyevu. Hakuna mstari mkali unaotenga ukingo na maji, na taswira ya miti mtoni ina uzito uleule wa miti yenyewe. Monet hakuchora miti iliyofunikwa na ukungu. Alichora hewa, na miti ikajitokeza ndani yake.

Huo, kwangu, ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika kuchora mto: kukubali kwamba maji hayana rangi moja. Kagera ni wa kahawia mchana kwa udongo unaoubeba, lakini alfajiri hupokea rangi ya anga.

Walimu wa sanaa wa Ngara na Biharamulo, watoeni wanafunzi nje mapema. Wapeni karatasi kadhaa na rangi za maji, wabadilishe karatasi kila nuru inapobadilika, na kesho warudi palepale kuendelea. Mito tunayo, na ukungu tunao. Kilichobaki ni kujifunza kuutazama.