Chesisi Kabla ya Injini: Ukaguzi wa Land Rover Kuukuu kwa Njia za Uluguru

Katika vijiji vya Uluguru, ambako kabichi na karoti za Nyandira au ndizi na mananasi ya Kinole hayana budi kuteremshwa hadi sokoni Morogoro kwa njia za udongo zenye makorongo na kona kali, Land Rover ya zamani imeendelea kuthaminiwa, hasa ile iitwayo 109 kwa sababu umbali kati ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Toleo lake la mwisho, Series III, liliundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kwa hiyo kila inayouzwa leo imekwisha kupita mikono mingi na gereji nyingi. Wanunuzi wengi huanza kwa kusikiliza injini, na huko ni kuanza mwisho, kwa kuwa injini hutolewa ikafungwa nyingine kwa siku chache, ilhali chesisi iliyooza huondoka na gari zima.

Chanzo cha jambo hilo ni namna gari lenyewe lilivyobuniwa. Lilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma uliotokana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo haipati kutu nyekundu, wakati chesisi, yaani fremu inayobeba injini, bodi na springi, iliundwa kwa bamba za chuma zilizochomelewa pande nne hata zikawa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Muundo huo ulirithiwa na matoleo yaliyofuata, na ndio unaofanya bodi ing'ae huku chesisi ikiliwa chini yake, kwa maana tope linaloingia kwenye matundu hukaa humo likiwa bichi masika nzima, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Miteremko ya mashariki, inayopokea pepo za Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi kuliko ya magharibi, kwa hiyo gari lililofanya kazi Matombo au Kinole linastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko lililokuwa likipanda Mgeta.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji zaidi ya nyundo ndogo, tochi na nguo za kulalia chini. Chuma kizima kikigongwa hulia kwa sauti kali, na kilichooza hujibu kwa sauti butu au hutoboka papo hapo. Panapostahili kugongwa kwanza ni boriti ya nyuma inayofunga chesisi, mikono ya pembeni inayoshika bodi, na mahali springi zinapofungiwa. Kisha ukuta wa mbele ya miguu ya dereva, ambao nao ni wa chuma. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri si kasoro, lakini kiraka juu ya kiraka, au rangi nyeusi iliyopakwa chini ya gari wiki ya kuuza, ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Hapo hapo kwenye chesisi, upande wa kulia mbele, ndipo nambari yake ilipogongwa, nayo ilinganishwe na iliyo kwenye kadi ya gari iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kuzungumza bei.

Baada ya chesisi hufuata difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kati ya tairi za ekseli moja. Ekseli iliyopata moto ikiingia mtoni ghafla hupoa na kuvuta maji, hasa tundu lake la kupumulia likiwa limeziba, na oili yake hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kufungua nati ya oili na kutazama tone moja kunatosha kueleza jinsi gari lilivyotunzwa.

Injini ikaguliwe asubuhi, kabla muuzaji hajaiwasha, kwa sababu iliyokwisha kupashwa moto huficha uvivu wa kuwaka. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua, na moshi mweupe usiokoma huashiria dizeli isiyoungua sawasawa au maji yanayopenya kwenye silinda.

Jaribio la kuaminika zaidi ni mlima wenyewe, na njia ya kupanda Morningside kutoka mjini inatosha. Wakati wa kupanda hutazamwa geji ya joto. Lakini kuteremka ndiko kunakostahili uangalifu mkubwa, kwa sababu roho za abiria walioketi juu ya magunia hutegemea breki na gia kuliko nguvu ya injini. Katika Series III, kifundo cha njano kikibonyezwa huunganisha ekseli ya mbele, na mtaimbo mwekundu huingiza gia nzito. Vyote viwili vijaribiwe, kisha gari literemshwe kwa gia ya pili bila kukanyaga mafuta, kwa kuwa gia boksi iliyochoka hutema gia wakati huo huo. Gari likifika chini, habu zote nne ziguswe kwa tahadhari kwa nyuma ya kiganja: iliyo moto kuliko wenzake ina beringi iliyokwisha au breki inayong'ang'ania, na iliyobaki baridi kabisa ina breki isiyofanya kazi.