"Shetani Alinipitia": Uhakiki wa Msamiati wa Malaika na Pepo katika Kiswahili cha Wakatoliki, kwa Kuutazama kutoka Jabe, Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inahakiki msamiati wa Kiswahili ambao Wakatoliki huutumia kuzungumzia malaika na pepo wabaya, kwa kuutazama kutoka Jabe, mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili na Kirundi huishi nyumba moja. Hoja yake ni kwamba mafundisho ya Kanisa kuhusu viumbe hao ni machache na yenye kiasi, ilhali maneno yaliyochaguliwa kuyabeba yalikuja na itikadi zake yenyewe. Hapo ndipo mkosaji anapopunguziwa dhima, na jirani akaongezewa lawama.

Utangulizi

Katika Kiswahili cha Bujumbura, kama ilivyo katika kile cha Dar es Salaam au Mombasa, mtu aliyekosa na kukiri ana sentensi moja iliyo tayari: shetani alinipitia. Huitamka mume aliyempiga mkewe, kijana aliyekula fedha za chama, na mlevi aliyepindua meza ya muuzaji sokoni. Wazee wanaosuluhisha huipokea, aghalabu kwa kicheko kidogo, na shauri likasonga mbele. Sijapata kumsikia mzee akiuliza: alikupitia vipi, na wewe ulikuwa wapi wakati huo? Swali hilo, ambalo hakuna aulizaye, ndilo lililozaa makala hii.

Jabe, au Kwijabe kama unavyoandikwa katika orodha za mitaa, umo katika eneo la Bwiza, jirani na Buyenzi. Buyenzi ni mtaa wa kale wa Waislamu na Waswahili wa mji huu. Bwiza ndio ulioitwa mtaa wa Wabelgiji enzi za ukoloni, ingawa walioishi humo ni Waafrika. Mtoto wa Kikatoliki wa Jabe hukua akisikia adhana na kengele. Hujifunza sala kwa Kirundi, hununua mkate kwa Kiswahili, na husikia habari za majini kwa wenzake wa Buyenzi kabla hajafika darasa la katekista. Hata Kirundi anachosalia kimekopa kutoka lugha ya pwani: malaika ni umumarayika, na Shetani ni Shetani. Ninachokihakiki hapa ni maneno na matumizi yake. Sikufanya hesabu ya watu wala ya imani zao.

Kanisa linafundisha nini hasa

Msomaji anayezijua mada hizi kutoka mimbari za mikutano ya uponyaji hushangaa kuona jinsi Kanisa Katoliki lilivyosema machache. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulitamka kwamba Ibilisi na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, nao wenyewe wakajifanya waovu. Katekisimu ya mwaka 1992 inarudia hilo, kisha inaongeza kwamba uwezo wa Shetani una mpaka, kwa kuwa naye ni kiumbe. Kuhusu malaika, inamfuata Augustino aliyefafanua kuwa neno hilo ni jina la kazi: kwa asili yao ni roho, na kwa kazi yao ni wajumbe. Hapa Kiswahili kilibahatika, maana malaika latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutuma, sawasawa na neno la Kigiriki. Bahati hiyo haikudumu katika mazungumzo ya kila siku. Mtoto mchanga akifariki huitwa malaika, na waombolezaji wakafarijiwa kwa imani ambayo Kanisa halifundishi, kwani binadamu hageuki malaika. Sioni haja ya kuwasahihisha waombolezaji hao.

Majina nayo yamedhibitiwa. Sinodi ya Roma ya mwaka 745 iliyakataa majina ya malaika yaliyozuka katika sala za watu, na hadi leo liturujia inawataja watatu tu, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, ambao sikukuu yao ni tarehe 29 Septemba. Malaika walinzi wana siku yao tarehe 2 Oktoba, bila majina. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inataka anayempunga mtu aliyepagawa awe padre mwenye ruhusa mahususi ya askofu wake. Katekisimu hiyo hiyo inatenga jambo hili na maradhi, hasa ya akili, ambayo inasema ni kazi ya utabibu.

Kwa hiyo mafundisho yenyewe ni membamba: hiari iliyoasi, uwezo wenye mpaka, na mlango mmoja wa kuingilia wenye bawabu. Je, maneno ya Kiswahili yaliyabeba hivyo?

Pepo na kupunga

Neno lililochaguliwa ni pepo. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imelizoesha kwa Wakristo wa madhehebu yote, na Wakatoliki wanasema kupunga pepo pale Kilatini kinaposema habari ya kuapisha na kuamuru. Uchaguzi huu unaonekana wa kawaida mpaka tukumbuke kitendo chenyewe. Kupunga ni kupepea, kupeperusha. Huko pwani, kupunga pepo ni ngoma: kuna mganga, kuna ubani, kuna siku zilizopangwa, na kuna mgonjwa anayeitwa kiti. Pepo hukaa juu ya kiti chake, husema, hutaja jina lake na kabila lake, hudai kitambaa au marashi. Wenye mgonjwa humsikiliza na kupatana naye. Akiridhika, hutulia, na mara nyingi haondoki kabisa. Huwa mgeni wa kudumu ambaye desturi zake zinajulikana. Methali ya zimwi likujualo, ambalo halikuli likakwisha, imetoka katika fikra hiyo hiyo.

Ibada ya Kikatoliki haina mapatano. Pepo wake hapewi kiti, na kwa kuwa ni malaika aliyeasi hana kabila. Padre huamuru kwa jina la Kristo, na jambo likaisha au lisiishe. Kitenzi kimoja, basi, kinabeba taratibu mbili zinazopingana. Mkatoliki wa Jabe anayempeleka dada yake kwa padre "akapungwe" anaweza kwa dhati kutarajia mazungumzo, madai na malipo. Asipoyapata, atayatafuta kwingine mtaani. Wahubiri wengi wamemlaumu mtu huyo kwa kuchanganya dini. Kwa maoni yangu yeye ametumia neno kama alivyolikuta. Waliolichanganya ni wafasiri.

Itasemwa kwamba maneno hubadilika kwa matumizi, na kwamba baada ya karne nzima pepo limekwisha kubatizwa. Katika ukurasa wa Injili nakubali. Kando ya kitanda cha mgonjwa sikubali, na ushahidi upo. Nchini Zambia, Askofu Mkuu Emmanuel Milingo wa Lusaka alijiuzulu mwaka 1983 baada ya mgogoro mrefu kuhusu huduma yake ya kuponya wenye pepo. Nchini Tanzania, huduma ya Padre Felicien Nkwera iliwavuta maelfu na kumgombanisha na maaskofu. Katharina Wilkens, katika kitabu chake cha mwaka 2011, ameichambua kwa makini pamoja na dhana za majini na mizimu zilizomo. Migogoro yote miwili husimuliwa kama habari za utii na mamlaka. Ilikuwa pia migogoro ya tafsiri: watu walisikia maneno ya kwao yakitamkwa altareni, wakayaitikia kwa maana ya kwao.

Majini ya jirani, Kiranga wa bibi

Jambo hili lina uzito zaidi pale neno lililokopwa ni mali ya mtu aliye hai ng'ambo ya barabara. Katika mahubiri na sala za vikundi, majini hutajwa sambamba na mashetani kana kwamba ni visawe. Kwa Mwislamu wa Buyenzi majini ni umma mwingine wa viumbe, wenye wema na waovu, na Kurani ina sura nzima inayowataja wale walioisikia na kuiamini. Ibilisi mwenyewe, katika sura ya Al-Kahf, anahesabiwa miongoni mwa majini. Kwa Mkatoliki ni malaika aliyeanguka. Basi kumwita pepo wa Kikatoliki jini ni kosa mara mbili: kunampa nasaba isiyo yake, na kunaitia imani ya jirani nzima katika kambi ya adui. Katika mtaa ambao watu huoana, hukopeshana sukari na kuzikana, hilo si kosa la kamusi peke yake. Mke aliyetoka familia ya Kiislamu akiugua, nusu ya uchunguzi wa ugonjwa wake huwa imekwisha kufanywa na msamiati.

Upande wa Kirundi kisa ni cha zamani zaidi. Mapadre Weupe waliofungua Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899 walikuta ibada ya kubandwa, na katikati yake Kiranga, ambaye waumini wake walimtegemea kwa uzazi na afya. Imana alikubaliwa baadaye kuwa jina la Mungu wa Kikristo. Kiranga alitupwa upande wa Shetani. Ugawaji huo ulikuwa uamuzi wa wafasiri, wala haukutokana na mtaguso wowote. Birgit Meyer, akiandika mwaka 1999 juu ya Waewe wa Ghana, ameonyesha matokeo ambayo wamisionari hawakuyakusudia: mungu wa kienyeji akiitwa Ibilisi hafi, bali hupewa makao ya kudumu ndani ya Ukristo wenyewe. Naona ndivyo ilivyokuwa kwa Kiranga. Bibi aliyebandwa zamani hakuambiwa kwamba Kiranga hayupo. Aliambiwa kwamba yupo, ana nguvu, na kwamba yeye bibi alikuwa mtumishi wake. Wajukuu zake wa mjini wamerithi sehemu hiyo ya habari.

Nani kiima, nani shamirisho

Turudi kwenye sentensi tuliyoanza nayo. Katika alinipitia, kiambishi cha mtenda a- ni Shetani, na kiambishi cha mtendwa -ni- ni msemaji. Kitenzi chenyewe ni cha njiani: apitaye huja kutoka kwingine na huenda kwingine, bila kukaa. Msemaji ni kama nyasi zilizolala baada ya upepo. Sasa tutazame ahadi za ubatizo, ambazo Wakatoliki huzirudia kila mwaka katika Kesha la Pasaka. Muumini huulizwa kama anamkataa Shetani, naye hujibu kwa nafsi ya kwanza kwamba anamkataa. Hapo kiima ni binadamu, na Shetani ni shamirisho. Sarufi ya ibada imeigeuza sarufi ya mtaani juu chini, na nadhani hapa ndipo Kanisa lilipolifundisha fundisho la Laterano kwa Kiswahili sahihi kuliko katika maelezo yoyote marefu. Ajabu ni kwamba sijamsikia mhubiri akiitumia tofauti hiyo.

Nchini Burundi tofauti hiyo ina gharama. Mwaka 1995 mitaa ya Bwiza na Buyenzi, iliyokuwa bado na watu mchanganyiko, ilishambuliwa na wakazi wengi wakafukuzwa kwa sababu ya kabila lao. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, waseminari 40 waliuawa baada ya kukataa kujitenga kwa makabila. Sheria ya kuunda Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitiwa saini mwaka 2014. Kazi ya tume ya namna hiyo inategemea sentensi zenye mtenda anayejulikana: fulani alifanya jambo fulani, mahali fulani. Lugha inayomtanguliza Shetani kama kiima humpa shahidi njia ya kusema kweli bila kumtaja mtu, na humpa mtuhumiwa njia ya kuungama bila kukiri. Sisemi kwamba anayetumia usemi huo anadanganya. Pengine ndio usemi pekee ambao jirani wawili wanaweza kuuvumilia wakati bado wanachota maji bomba moja, na hapo una huruma yake. Lakini washauri wa sera wanaoandaa dodoso na mafunzo ya wasikilizaji wanapaswa kuujua, ili msikilizaji asiuandike kama ungamo lililokamilika wala asiufute kama upuuzi. Teolojia ya Kikatoliki yenyewe inampa swali la pili la kuuliza, kwa kuwa kwake mshawishi haondoi hiari ya mshawishiwa.

Kuhusu tafsiri

Burundi imo katika shirikisho la mabaraza ya maaskofu la ACEAC, pamoja na Rwanda na Kongo, ilhali Tanzania na Kenya zimo katika AMECEA. Kiswahili cha Kikatoliki kimekatwa na mpaka huo, na matini za Tanzania zikivuka ziwa huingia Bujumbura bila maelezo. Kamati ya pamoja ya istilahi ingekuwa na kazi ndogo lakini ya lazima: kuyaacha majini kwa wenyewe, kulitenga neno mizimu lihusu wafu tu, na pale kitenzi kupunga kinapobaki, kukiwekea ufafanuzi kwamba hakuna kiti wala mapatano. Mimi ningependelea malaika waasi badala ya pepo katika katekesi ya watoto, ingawa ni refu na halitapendwa. Sipendekezi kazi hii ipewe serikali, wala Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isiibebe peke yake.

Jambo moja haliwezi kungoja kamati. Katika Bujumbura hiyo hiyo, huko Kamenge, iko hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa na shirika la Kikatoliki, Mabruda wa Upendo. Kanisa linalohifadhi ibada ya kupunga ndilo linaloendesha wodi hizo, na kwa mafundisho yake lenyewe ni muhimu kuhakikisha kwamba jambo si maradhi kabla ibada hiyo haijafanywa. Utaratibu huo ungeweza kuandikwa kwa Kiswahili na Kirundi katika karatasi moja, ikabandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha katekista kuanzia Jabe.