Maasi ya Bounty: Filamu Tatu na Uhuru wa Mtunzi

Katika semina zetu kuna sentensi moja ambayo ikishatamkwa tu mjadala unakufa. Nayo ni hii: sanaa si historia. Mtu akiuliza mbona mtunzi kambadilisha mtu aliyeishi kweli, kambebesha dhambi ambazo hakuzitenda, anajibiwa hivyo, na wote tunafunga madaftari tukaenda kunywa chai. Mimi nakubali kuwa sanaa si historia. Ninachokataa ni kuifanya sentensi hiyo kuwa mlango wa kutokea. Kazi ya mhakiki inaanzia hapo: mtunzi amebadilisha nini, badiliko hilo limetuonesha nini ambacho tusingekiona, na ni nani aliyelipa gharama yake?

Nitajibu kwa mfano wa mbali kidogo, yaani maasi ya merikebu ya Kiingereza iitwayo Bounty. Nimeuchagua kwa sababu hadithi hii imeigizwa mara nyingi, na kumbukumbu zake za mahakamani na za merikebuni zipo, kwa hiyo mtu hawezi kudai kwamba ukweli haujulikani. Kuna filamu bubu iliyotengenezwa Australia mwaka 1916, na nyingine ya mwaka 1933 ambamo Errol Flynn alicheza. Hizo naziacha. Nitashughulika na tatu zinazojulikana zaidi: ya 1935 iliyoongozwa na Frank Lloyd, ya 1962 ya Lewis Milestone, na ya 1984 ya Roger Donaldson.

Kwanza tukio lenyewe, kwa ufupi. Bounty iliondoka Uingereza Desemba 1787 ikiwa na watu 46, chini ya Luteni William Bligh. Safari ilikuwa ya kuchukua miche ya mishelisheli kutoka Tahiti na kuipeleka visiwa vya Karibi, ili watumwa wa mashamba ya miwa wapate chakula cha bei rahisi. (Sisi tuliokulia pwani tukila shelisheli la kuchemsha hatukujua kuwa tunda hili lina kesi.) Bligh alijaribu karibu mwezi mzima kuizunguka Rasi ya Horn, upepo ukamkatalia, akageuka na kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Alifika Tahiti Oktoba 1788. Walikaa miezi mitano hivi, wakapakia miche zaidi ya 1,000, wakang'oa nanga Aprili 1789. Alfajiri ya tarehe 28 mwezi huo, karibu na kisiwa cha Tofua, msaidizi wake Fletcher Christian alimtoa kitandani kwa silaha na kumtia katika mashua pamoja na watu 18.

Sasa tuje kwenye filamu ya 1935. Hii ndiyo iliyomfanya Bligh kuwa Bligh. Charles Laughton anamsawiri kama shetani kamili: anaamuru maiti iendelee kupigwa mijeledi, anaamuru baharia aburutwe kwa kamba chini ya mkuku wa merikebu hadi anakufa, na maasi yanalipuka baada ya daktari wa merikebu, mgonjwa hoi, kulazimishwa kupanda juu kushuhudia adhabu na kufia hapo hapo. Clark Gable ndiye Christian. Inasemekana alinyoa sharubu zake maarufu ili afanane na ofisa wa jeshi la maji la karne ile. Jamani, sharubu zilifanyiwa utafiti, lakini daktari je? Daktari wa kweli, Thomas Huggan, alifia Tahiti Desemba 1788, na kilichomwua ni ulevi. Kabla ya maasi walikuwa wamekufa watu wawili tu katika safari nzima: Huggan huyo, na baharia James Valentine aliyepata uambukizo baada ya Huggan kumtoa damu kama dawa. Hakuna aliyeuawa kwa adhabu. Na hiyo adhabu ya mkuku haimo kabisa katika kumbukumbu za Bounty.

Mwanahistoria Greg Dening, katika kitabu chake cha 1992, alifanya kazi ya kuhesabu mijeledi. Aligundua kuwa Bligh aliwachapa chini ya mtu mmoja kati ya watano wa merikebu yake. Nahodha Cook, ambaye sifa zake tumezisoma tangu shule, alifikia zaidi ya theluthi katika safari yake ya tatu, na Vancouver alikaribia nusu. Mabaharia watatu walipotoroka Tahiti Januari 1789, kosa ambalo sheria ya jeshi la maji iliweza kulihukumu kwa kifo, Bligh aliwachapa na kuwarudisha kazini. Kwa hiyo tatizo halikuwa mjeledi.

Tatizo lilikuwa mdomo. Bligh alikuwa na ulimi mchafu, wa kudhalilisha, na aliutumia mbele za watu. Tarehe 27 Aprili, siku moja kabla ya maasi, aliona lundo la nazi zake limepungua. Akawapanga maofisa, akawauliza mmoja mmoja amenunua nazi ngapi na amekula ngapi, akamwita Christian mwizi. Jioni ile ile akamtumia mwaliko wa chakula cha usiku, kana kwamba hakuna kilichotokea! Christian akakataa, akisema anajisikia vibaya. Usiku huo alikuwa akitaka kutoroka kwa chelezo, na asubuhi alikuwa na upanga mkononi.

Hebu tulitazame tukio hili kwa macho ya mtu wa fasihi. Mkubwa anayetukana asubuhi na kukaribisha mezani jioni. Kijana wa miaka 24 ambaye aliwahi kusafiri naye na kufundishwa naye ubaharia, ambaye Bligh mwenyewe ndiye aliyempandisha cheo safarini. Na kati yao lundo la nazi. Mwandishi gani wa tamthilia angeitupa zawadi kama hii? Mwaka 1935 chanzo cha maasi kikawa maiti ya daktari. Badiliko hilo halikuongeza kitu. Limeondoa swali gumu la mtu anayevunjika kwa aibu, likaweka swali rahisi ambalo jibu lake kila mtazamaji anakuja nalo kutoka nyumbani. Na kuna utani mwingine: filamu inamtuma Bligh mwenyewe kurudi kuwasaka waasi kwa merikebu ya Pandora. Aliyekwenda ni Nahodha Edward Edwards, na ndiye aliyewafunga watu 14 katika kibanda cha mbao juu ya sitaha. Pandora ilipozama kwenye miamba ya Australia Agosti 1791, wafungwa 4 walikufa maji. Ukatili wa Edwards ni wa kweli, umeandikwa, lakini filamu ilikuwa tayari na mtu wa kumtwika.

Kwa haki, filamu hiyo ina nguvu. Laughton anapokaza midomo ile unasahau kumbukumbu zote. Ndiyo maana ina madhara.

Filamu ya 1962 nitaipitia haraka kwa sababu haistahili kurasa nyingi. Marlon Brando anamfanya Christian kuwa bwana mkubwa wa kujipulizia manukato, na Trevor Howard, aliyekuwa anakaribia miaka 50, anamcheza Bligh aliyekuwa na miaka 34. Hapa mgogoro umekuwa wa kitabaka: bwana wa ukoo dhidi ya mtu aliyejipandisha kwa jasho. Wazo hili si baya hata kidogo, kwani familia ya Christian kweli ilikuwa na jina. Kaka yake Edward alikuwa profesa wa sheria na ndiye aliyeandika mwaka 1794 kumtetea ndugu yake na kumchafua Bligh. Lakini filamu inalitelekeza wazo lake yenyewe. Maasi yanakuja kwa sababu ya kijiko cha maji kilichonyimwa mgonjwa. Kisha, kana kwamba haitoshi, Christian anakufa kishujaa usiku ule Bounty inapoteketea, akijaribu kuokoa chombo cha kupimia njia baharini. Bounty ilichomwa Januari 1790. Christian aliishi zaidi ya miaka mitatu baada ya hapo, na kilichotokea katika miaka hiyo ndicho ambacho filamu zote tatu zinakikimbia. Nitarudi hapo.

Ya 1984 ndiyo bora, na wenzangu wengi wanaiona kuwa imemaliza kazi. Robert Bolt aliyeandika mswada aliifunga hadithi yote ndani ya mahakama ya 1790 iliyomsikiliza Bligh kwa kupoteza merikebu, na hatimaye ikamwachia. Anthony Hopkins anatuonesha mtu mwenye hofu, mwenye kazi, asiyejua kupendwa. Mel Gibson ni kijana anayetetemeka. Safari ya mashua pia inapewa heshima yake: maili za baharini zaidi ya 3,600 katika mashua ya futi 23, hadi Kupang, Timor, Juni 14, 1789. Mtu mmoja tu alipotea njiani, John Norton, aliyeuawa na wenyeji wa Tofua. Shetani wa Laughton asingewafikisha.

Hata hivyo Bolt naye kachezea chanzo. Katika filamu, Bligh anapania kurudi kwa njia ya Rasi ya Horn, na hofu ya rasi hiyo inawasukuma mabaharia kuasi. Uongo mtupu. Njia ya kurudi ilikuwa ya magharibi, kupitia mlango wa bahari wa Endeavour. Je, badiliko hili nalo ni kosa? Kwa maoni yangu hapana, au si sana. Horn inayafanya matusi ya Bligh yaonekane kwa macho. Ni tamaa ya mtu anayetaka kufuta aibu ya kushindwa mara ya kwanza, na tamaa ya namna hiyo alikuwa nayo kweli. Badiliko linatupeleka ndani ya mhusika badala ya kutufungia nje. Ni kama Ebrahim Hussein alivyofanya katika Kinjeketile: hakuficha kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, na alichobadilisha kilifanya swali la imani na uongozi liwe zito zaidi. Huo ndio uhuru wa mtunzi ninaoutetea.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoishangilia filamu ya 1984 kama "ukweli umerudi". Umerudi kwa nani? Bligh kasafishwa, Christian kapunguzwa, mizani ya wazungu wawili imekaa sawa. Baada ya maasi, Christian na wenzake walijaribu kujenga ngome katika kisiwa cha Tubuai na wakaua wenyeji zaidi ya 60. Septemba 1789 waliondoka Tahiti usiku, wakikata kamba ya nanga huku wanawake waliokuja kutembea wakiwa bado ndani ya merikebu. Walifika Pitcairn waasi 9, wanaume 6 wa Kipolinesia, wanawake 11 na mtoto mchanga wa kike. Ardhi ikagawanywa kwa wale 9 tu. Mke wa mwasi mmoja alipokufa, akachukuliwa mke wa Mpolinesia. Mwaka 1793 wanaume wa Kipolinesia waliinuka, wakaua waasi 5, Christian akiwa mmoja wao, na kufikia mwisho wa mwaka huo wao wenyewe hakubaki hata mmoja. Merikebu ya Kimarekani Topaz ilipofika mwaka 1808 ilimkuta mwasi mmoja tu, John Adams, pamoja na wanawake na watoto.

Basi hayo nayo ni maasi, tena yana sababu nzito kuliko nazi! Filamu ya 1935 inaishia kwenye furaha ya kupata kisiwa. Ya 1962 inamwua Christian mapema ili asifike huko. Ya 1984, yenye uaminifu wote ule, inatuacha ufukweni merikebu ikiungua. Kila moja inasimama mlango ule ule, na hilo siwezi kuliita bahati mbaya. Tunabishana mwaka hadi mwaka nani alikuwa mwema kati ya nahodha na msaidizi wake, na ubishi wenyewe unatuzuia kuuliza kuhusu watu waliobebwa katika merikebu bila kuulizwa.

Msisemeni kuwa ushahidi haupo. Mwanamke mmoja wa Tahiti, Teehuteatuaonoa, ambaye mabaharia walimwita Jenny, aliishi Pitcairn tangu siku ya kwanza, akaondoka mwaka 1817, na simulizi yake ilichapishwa Sydney mwaka 1819. Alieleza jinsi walivyochukuliwa, nani alimwua nani na kwa nini. Imechapishwa miaka 116 kabla ya filamu ya Laughton, na hakuna hata moja kati ya filamu hizi tatu iliyomruhusu asimulie.