Sinema hufunza sikio, ulimi hufunzwa na watu

Kuna dai lililoshika kasi miongoni mwa wanafunzi na wazazi: eti ukitaka Kiingereza, tazama sinema tu. Shahidi anayetajwa sana ni RM, kiongozi wa kundi la muziki la BTS la Korea Kusini, aliyesema katika runinga ya Marekani mnamo 2017 kwamba alijifunza lugha hiyo kupitia kipindi cha Friends.

Silipingi dai hilo. Ninachopinga ni kulikata mkia. RM alieleza pia alivyotazama: kwanza akisoma maandishi ya Kikorea chini ya skrini, kisha ya Kiingereza, mwishowe bila maandishi yoyote. Friends ina misimu 10 na vipindi 236. Anayerudia hata msimu mmoja mara tatu kwa utaratibu huo hajistareheshi kwenye kochi, yuko darasani!

Isitoshe, kusikia si kusema. Mwaka wa 1985, mwanaisimu Merrill Swain aliandika kuhusu wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Walikielewa vizuri mno, lakini sarufi yao ilichechemea walipozungumza na kuandika. Kwa maoni yake, walisikia mengi, wakasema machache. Ikiwa darasa lenye mwalimu halikutosha, sembuse skrini isiyokuuliza swali wala kukusahihisha?

Kuna suala la mitindo ya lugha pia. Mhusika wa filamu husema 'gonna' na 'ain't' kwa sababu yuko baa au anakimbizwa na polisi. Kijana wetu akiyahamishia maneno hayo kwenye barua ya kuomba kazi, atakuwa amejua neno asijue mahali pake. Hapo pana kasheshe.

Ila wanaonitia wasiwasi zaidi ni wazazi wanaomweka mtoto mchanga mbele ya katuni kutwa nzima ili 'ashike Kizungu', huku wao wamenyamaza. Mwaka wa 2003, Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Marekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina katika vikao 12. Waliochezeshwa na kusomewa na mtu aliye mbele yao walizitambua sauti za lugha hiyo. Waliotazama mambo yayo hayo kwenye skrini hawakuambulia kitu.

Mtoto wa namna hiyo anaweza kukosa Kiingereza, na Kiswahili au Kikamba cha nyumbani kikampita vilevile. Hasara mara mbili!

Hebu basi tusiizime runinga, bali tuitumie kwa akili. Chagua onyesho fupi, lirudie, andika maneno mapya, kisha simulia kisa hicho kwa mtu atakayekusahihisha. Na mtoto mchanga? Zungumza naye, bwana, kwa lugha unayoimudu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.