Jicho la Garrigan

Ng'ombe amegongwa barabarani, analia, watu wamejazana wakibishana. Idi Amin ameumia mkono. Daktari kijana kutoka Scotland, Nicholas Garrigan, anaufunga, kelele zinamchosha, anainyakua bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza ng'ombe. Walinzi wanamwelekezea bunduki. Muda si mrefu Amin anacheka, wanabadilishana mashati. Kuanzia hapo tunaiona Uganda kwa jicho la kijana huyo.

The Last King of Scotland, filamu ya mwongozaji Kevin Macdonald, ilitoka mwaka 2006 kutokana na riwaya ya Giles Foden. Ilirekodiwa Uganda kwenyewe, na ukihesabu nyuso huna la kulaumu. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya Amin, akaondoka na Oscar. Stephen Rwangyezi wa kundi la ngoma la Ndere ni waziri Wasswa. Abby Mukiibi ni Masanga, mtu wa kazi chafu. Kwenye uigizaji sina neno. Kinachonikera ni jinsi taharuki ilivyosukwa.

Taharuki hukaa kwenye pengo kati ya anachojua mhusika na kinachomsubiri. Hapa pengo lote amepewa Garrigan. Wasswa anapotea kwa sababu ya umbeya wa daktari huyo, naye ndiye wa mwisho kung'amua. Mtazamaji wa Kampala, ambaye wazazi wake waliishi miaka ile ya Amin, ameshafika zamani. Anakaa saa nzima kumsubiri mgeni azinduke. Hata kufukuzwa kwa Wahindi mwaka 1972, waliopewa siku 90, kumegeuka mabishano kati ya Amin na daktari wake: kwa nini hukunishawishi?

Kwa Kay, mke wa Amin, ndipo paliponiuma. Kay Amin wa kweli alikutwa amekufa mwaka 1974, mwili umekatwa vipande. Daktari aliyetajwa kuwa mpenzi wake, Mbalu Mukasa, alikuwa Mganda, na alikufa siku hizohizo. Filamu imemfuta. Mapenzi na ujauzito amepewa Garrigan, mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Mganda hakuachiwa hata dhambi yake.

Daktari Mganda aliyebaki ni Junju, anayeigizwa na David Oyelowo. Uwanja wa ndege wa Entebbe, mwishoni, anamsaidia Garrigan kutoroka, akimwambia akausimulie ulimwengu kwa kuwa mzungu ataaminiwa. Kisha anapigwa risasi. Mswada unalijua kosa lake, nao umeliweka mdomoni mwa mtu anayekaribia kufa. Ni kukiri au ni ujanja? Mimi naona ujanja.

Mshono huohuo umo katika The Constant Gardener ya 2005, kisa cha kampuni ya dawa inayowajaribia maskini wa Kenya: wanaomeza dawa ni Waafrika, anayefumbua fumbo ni mwanadiplomasia Mwingereza.

Mwongozaji Mganda Loukman Ali hakumhitaji mgeni. Katika The Girl in the Yellow Jumper, filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, Desemba 2021, mtu aliyetoroka alikoshikwa mateka ana kisa cha kusimulia, na wewe unabaki kupima kama umwamini. Siri ni ya Waganda, wanafichana wenyewe kwa wenyewe. Itazame hiyo kwanza, ndipo urudi kwa Garrigan.